Filta ya hewa ya pikipiki: kuchagua, kusafisha na kuifunga bila kuua injini

Wengi wakisikia filta ya hewa wanawaza uchafu tu, imejaa vumbi au haijajaa, basi. Mi naanza na kitu kingine kabisa kwasababu ndo kinachomaliza injini nyingi: hewa inayokwepa filta na kupita pembeni. Filta iliyojaa vumbi inakula petroli na inakunyima nguvu, unaisafisha au unaibadilisha, maisha yanaendelea. Ila filta iliyotoboka, au iliyokaa upande, au ambayo mpira wake umekauka ukaacha upenyo, hiyo pikipiki inaweza kukimbia vizuri tu wala usihisi chochote, kumbe huko ndani ringi (zile pete za pistoni) na silinda zinasagwa taratibu. Siku unaona moshi wa bluu nyuma, hapo tena sio habari ya filta, ni habari ya kufungua injini. Kwaiyo kila hatua huku chini, iwe kuchagua au kuosha au kukaza skrubu, jiulize hewa yote inapita kwenye filta au kuna inayojipenyeza kwa njia yake.

Hewa inayoingia ni nyingi kuliko unavyodhani

Ili petroli kilo 1 iungue vizuri inahitaji hewa kama kilo 14.7. Ukiiweka kwa lita ndo utashangaa, lita 1 ya petroli inaenda na hewa kama lita 9,000. Tangi la lita 10 likiisha, hewa lita 90,000 imepita kwenye hicho kifilta chako. Injini ya cc 150 ukiwa umevuta moto wote (aksileta mpaka mwisho), inazunguka mara 6,000 kwa dakika, inaweza kumeza karibu lita 400 kila dakika, na kama uko nyuma ya lori kwenye barabara ya udongo we piga picha humo kuna vumbi kiasi gani.

Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni mchanga laini, yaani silika, na silika ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikiingia inanasa kwenye utando wa oili ukutani mwa silinda, inageuka kuwa kama ile pesti mafundi wanayosagia valvu. Ringi zinalika, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, oili inaanza kupanda juu na kuungua, na vumbi lingine linashuka na oili mpaka kwenye beringi za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Na zinazodhuru sana sio zile punje kubwa unazoziona, ni zile ndogo kuliko upana wa unywele, ndo maana kipande cha kitambaa au soksi haiwezi kufanya kazi ya filta hata kama mkononi inaonekana nzito.

Jua kwanza una filta ya aina gani

Hapa ndo watu wanachanganya, mtu anaosha isiyooshwa na anapuliza isiyopulizwa. Kabla hujanunua chochote, itoe uiangalie na uiguse.

Ya karatasi kavu ina mikunjo mikunjo, nyeupe au krimu, ukipitisha kidole unahisi karatasi kabisa. Hii unaweza kuipuliza mara chache, alafu unabadilisha.

Ya karatasi yenye mafuta inafanana sana na hiyo, mikunjo ile ile, ila rangi yake imekolea, kahawia au njano nzito, na ukiigusa vidole vinanata kidogo. Imepakwa mafuta kiwandani ili vumbi ligande ndani ya karatasi na sio juu tu, ndo maana inakaa muda mrefu. Ila haisafishiki. Haioshwi, haipulizwi, ikijaa unatupa. Ukiipiga kompresa unasukuma vumbi lililogandia mafuta na mafuta yenyewe unayahamisha, inabaki na sehemu zisizo na mafuta ambazo vumbi linapita. Ukikutana na mtu anakwambia "hii nimeipuliza imekuwa mpya", angalia rangi yake kwanza.

Ya sponji ni tabaka moja au mawili ya sponji maalum yenye vitundu vilivyounganika, inafanya kazi ikiwa imepakwa oili tu. Sponji kavu inapitisha vumbi jingi mno, hili nalirudia huko mbele kwasababu ndo kosa kubwa la sponji.

Alafu kuna ya pamba, tabaka za kitambaa cha pamba zimebanwa katikati ya nyavu za waya, nayo inapakwa oili yake. Inaoshwa na kurudishwa kwa miaka mingi. Inapitisha hewa vizuri, ila mi kwa mtu anayeshinda kwenye vumbi zito simshauri, hapo sponji yenye oili nzuri au karatasi ya kiwandani inalinda zaidi. Ya pamba ni ya mtu wa lami anayependa kuosha kuliko kununua.

Kuchagua mpya

Anza na namba ya spea. Inakuwa kwenye kitabu cha pikipiki, au imechapwa kwenye ukingo wa filta ya zamani. Jina la modeli peke yake halitoshi, kwasababu pikipiki hiyo hiyo ya mwaka mwingine, au yenye injeksheni (petroli inapimwa na kompyuta) badala ya kabureta, inaweza kuwa na boksi la filta tofauti na filta tofauti, na kwa macho zinafanana kabisa.

Ukienda kununua nenda na ya zamani mkononi, ziweke sambamba. Sio urefu na upana tu, angalia unene wa mpira wa pembeni na kona zake, hapo ndo feki nyingi zinaanguka. Mpira mwembamba kwa milimita moja unakaa ndani ya boksi bila kubanwa, yaani kava unafunga na skrubu unakaza na kila kitu kinaonekana sawa, lakini kuna mlango kuzunguka filta nzima. Bonyeza mpira kwa ukucha, unatakiwa urudi wenyewe. Ukibaki na alama au ukiwa mgumu kama plastiki, rudisha.

Kwa ya karatasi hesabu mikunjo. Ndio, hesabu kabisa. Njia rahisi ya kutengeneza filta ya bei chee ni kupunguza mikunjo, kwa nje fremu ni ile ile ila karatasi iliyomo ni ndogo, inajaa haraka na inabana hewa mapema. Mikunjo iwe imepangana sawa, isiwe mingine imelaliana na mingine imeachana. Angalia gundi pale karatasi inapokutana na fremu, iwe imezunguka yote bila kuruka. Ukiweza mulika na tochi ya simu kwa nyuma, mwanga ukitawanyika sawa sawa hiyo nzuri, ukiona nukta moja inang'aa kama nyota hiyo ina tundu hata kama ndo imetoka kwenye pakiti.

Kwa sponji kuna tabia moja ya hatari, kukata sponji ya godoro kwa saizi ya filta. Usifanye. Vitundu vyake havilingani, vingine vimezibika vingine vikubwa, na ikikutana na oili na mvuke wa petroli inaanza kulainika na kumomonyoka, na ile chenga inaenda wapi? Inavutwa ndani. Sponji ya filta ukiikandamiza inarudi haraka, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona vitundu vyake vinalingana.

Zile filta za wazi, za mviringo, zinazofungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta baada ya kutoa boksi zima, mi sizipendi kwa pikipiki ya kazi. Boksi halikuwekwa kwa urembo, linatuliza hewa, linazuia maji na matope, na kabureta ilisetiwa likiwepo. Ukilitoa hewa inazidi, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwembamba, yaani petroli pungufu, injini inachemka zaidi, itabidi ubadilishe jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta. Ule mlio mnene unaousikia ni mvumo wa hewa inavyoingia, mtu anadhani kaongeza nguvu kumbe kaongeza kelele. Na kutoboa boksi matundu ili lipumue ni mbaya zaidi, maana matundu yakiwa upande safi, baada ya filta, vumbi linaingia bure.

Dalili kabla hujafungua

Filta ikijaa, pikipiki inakuwa nzito, mlimani haivuti, ule mwendo wa juu uliouzoea huufikii, petroli inaisha mapema. Kwa kabureta ukifungua plagi utaikuta nyeusi ina masizi makavu na pengine sailensa inatoa moshi mweusi. Kwa injeksheni usitegemee plagi ikwambie, sensa zinapima hewa iliyoingia na kompyuta inapunguza petroli kufuatana nayo, kwaiyo unachokiona ni nguvu kupungua tu.

Filta ikivuja unaweza usihisi chochote kama nilivyosema, ila dalili zikitokea ni kinyume, plagi inaelekea weupe, ukiachia moto ghafla sailensa inapiga risasi, na baada ya muda oili inaanza kupungua bila kuona inapovujia. Dalili hizi zote zina sababu nyingine pia, kabureta, valvu, breki zinazong'ang'ania, kwaiyo usinunue filta kwa kubahatisha, fungua uone.

Kuna watu wanapima kwa kutoa filta kabisa wakaendesha kidogo wasikie kama inavuta. Kipimo hicho kinadanganya. Kabureta imesetiwa na filta ikiwepo, ukiitoa mchanganyiko unabadilika na pikipiki inaweza kuvuta vibaya zaidi hata kama filta ndo ilikuwa tatizo, na hapo hapo umeshaingiza vumbi.

Ufungue kila baada ya muda gani

Kitabu cha pikipiki kinataja kilomita, na hizo kilomita ni za barabara ya kawaida. Ukiwa mtu wa vumbi gawa kwa mbili, vumbi zito gawa hata kwa nne. Sponji mi naona iangaliwe kila unapomwaga oili, maana zana ziko nje tayari. Ukipita safari ya vumbi lile la kutokuona mbele, angalia ukifika, usisubiri kilomita.

Lakini pia usiwe mtu wa kufungua kila asubuhi. Filta ya karatasi yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya, kwasababu vumbi lenyewe linaziba vile vitundu vikubwa. Na kila ukifungua unahatarisha mpira kukaa vibaya na vumbi la juu ya boksi kudondoka ndani. Kuna pikipiki zimeharibiwa na usafi wa kupitiliza.

Kuitoa, na kusoma ilivyoacha alama

Injini iwe imepoa. Kwanza kabla ya spana yoyote, futa nje, kava la pembeni, chini ya siti, kuzunguka boksi lote, kwa kitambaa chenye unyevu au brashi. Hatua hii inarukwa kila siku na ndo inayoingiza vumbi siku ya sevisi.

Toa kava, fungua skrubu za boksi, na skrubu za boksi mara nyingi zinaingia kwenye plastiki kwaiyo tumia bisibisi inayoshika vizuri. Piga picha kwa simu jinsi filta ilivyokaa, upande gani juu, klipu iko wapi. Alafu vuta taratibu, bila kuigonga gonga ikiwa bado mlangoni.

Ikishatoka tu, ziba tundu linaloelekea kwenye kabureta na kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Kiwe kikubwa, kining'inie nje ukione, usije ukasahau ukafunga nacho humo.

Sasa hapa tulia, usikimbilie kuosha. Pitisha kidole au kitambaa cheupe kwenye upande safi, yaani ule wa baada ya filta unaoelekea kwa kabureta. Ukikuta pasafi, au pana unyevu mwembamba wa oili tu, filta inafanya kazi hata kama upande wa nje ni matope matupu. Ukikuta vumbi laini la rangi ya udongo, angalia limelala vipi. Likiwa limesambaa kote, filta yenyewe inapitisha, sponji ilikuwa kavu au karatasi imechoka. Likiwa limechora mstari unaoanzia kona moja na kutanuka kuelekea kwenye tundu, fuata ule mstari kinyume, kona unapoanzia ndo panapovuja, utakuta mpira umekunjika au ukingo wa boksi una ufa. Alama hii ukishaifuta imepotea, ndo maana nasema uisome kwanza.

Geuza filta uangalie mpira wake pia. Ule mkandamizo wa ukingo wa boksi uwe umeacha mstari mzunguko mzima. Pale ambapo mstari umekatika hapakuwa pamebanwa.

Ukimaliza futa boksi lote ndani, ukitoka upande wa tundu kuja nje, sio kinyume. Chini ya boksi tafuta kijipaipu kimezibwa na kimpira, kikamulie kwenye kitambaa. Maji kidogo sio tatizo, umepita mvuani. Oili nyingi ndo ikufanye ufikiri: ama ulijaza oili kupita alama ikasukumwa kwenye hosi ya kupumulia ya injini, ama ringi zimechoka na mgandamizo unapita chini. Oili hiyo ikifika kwenye filta ya karatasi inailowesha na kuiziba, unabadilisha filta kila mara wakati tatizo liko kwenye oili.

Kusafisha ya karatasi kavu

Gonga fremu, sio karatasi, kwenye kiganja, upande mchafu ukiangalia chini. Alafu puliza kutoka upande safi kwenda mchafu, mgandamizo mdogo, bar 2 inatosha sana, na mdomo wa bomba uwe mbali angalau shibiri moja. Ukiupuliza upande mchafu unazika vumbi ndani zaidi. Ukikaribia sana unatoboa karatasi, na matundu hayo hayaonekani mpaka umulike na tochi gizani. Maji hapana, petroli hapana, brashi hapana. Ukiweka tochi mwanga haupiti kabisa hata baada ya kupuliza, au umeshaipuliza mara mbili tatu huko nyuma, badilisha tu.

Kusafisha ya sponji, hii ndo yenye kazi

Itoe kwenye fremu yake taratibu, angalia maungio ya gundi na zile kona, uivute kidogo kwa vidole. Ikianza kuachia chenga au gundi imefunguka usipoteze muda kuiosha, imeshakufa.

Iliyo nzima ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kama ina oili nzito ya zamani anza na mafuta ya taa kidogo, uko nje na mbali na moto wowote, ukiwa umevaa glavu, ukandamize mpaka ile oili itoke, alafu ndo sabuni. Petroli iache kabisa. Inakausha gundi na kuidhoofisha sponji, na mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, mtu anaosha filta karibu na mwenzie anavuta sigara. Kuna dawa maalum za kuoshea filta za sponji, ukizipata tumia hizo.

Kandamiza, achia, kandamiza, achia. Usisokote, ukisokota unachana gundi na kupanua vitundu. Badilisha maji mpaka ukitazama chini ya beseni hakuna mchanga umetuama, rangi ya maji peke yake isikudanganye. Mwisho suuza kutokea upande safi.

Ibane katikati ya taulo safi inyonye maji, alafu iache kivulini ikauke yenyewe. Jua kali na sailensa ya moto vinaikausha haraka na kuiua haraka. Na ikauke kweli, maana pale penye maji oili haishiki, unabaki na mabaka makavu.

Sasa oili. Ya filta za sponji ni nzito na inanata, ndo nzuri. Kama huna angalia kitabu chako kinasemaje, baadhi vinaruhusu oili ya gia au ya injini. Oili ya injini inafanya kazi ila ni nyepesi, ikikaa siku kadhaa inateremka, juu panabaki pakavu chini panachuruzika, kwaiyo ukiitumia rudia mapema. Oili chafu uliyomwaga kwenye injini usiipake hata siku moja, ina chenga za chuma na masizi, unaweka kwa mkono kile ulichotaka kukizuia.

Kupaka, tia sponji kwenye mfuko safi wa plastiki, mimina oili kiasi, funga mdomo wa mfuko alafu kanda kwa nje mpaka rangi ilingane kila mahali. Fungua ukague kona na kingo, hapo ndo panasahaulika. Kisha kandamiza mkononi itoe ya ziada mpaka isidondoshe tone. Oili ikizidi hewa inabanwa, nyingine inavutwa kwenye kabureta, pikipiki inakohoa na kutoa moshi mwanzoni. Zile za kunata nyingi zina kiyeyushi, subiri kiruke kama chupa inavyoelekeza, ikiwa bado majimaji haijaanza kunata vizuri.

Ya pamba

Dawa yake ya kuoshea, subiri kidogo, suuza kwa maji ya mkondo mdogo kutokea upande safi. Ikauke yenyewe, kompresa inatawanya nyuzi za pamba. Kisha mstari mwembamba wa oili juu ya kila mkunjo, acha dakika 20 isambae, palipobaki peupe ongeza tone. Basi.

Kuirudisha

Futa ukingo wa boksi pale mpira unapokalia, punje moja ya mchanga hapo inainua mpira. Kwa sponji, na kwa mpira wowote ulioanza kuzeeka, paka grisi nyembamba mzunguko wote wa ukingo. Sio mtaro wa grisi, utando tu. Inaziba vipenyo na inakamata vumbi linalojaribu.

Toa kitambaa kwenye tundu. Ndio naandika hivo kabisa, toa kitambaa. Ingiza filta, fuata mshale au maandishi ya upande wa juu, linganisha na picha uliyopiga. Kabla ya kava pitisha kidole kuzunguka ukingo wote, sehemu iliyonyanyuka utaihisi kabla macho hayajaiona. Kaza skrubu kwa mkato, moja huku nyingine ng'ambo, kidogo kidogo, na usikaze mpaka plastiki inalia, ukiharibu uzi wa skrubu boksi halitafunga tena sawa.

Bado hujamaliza. Ule mpira mnene unaounganisha boksi na kabureta, au na bodi ya injeksheni, uminye na kuukunja kidogo kwa vidole. Nyufa zake mara nyingi ziko kwa chini usipopaona, zinafunguka tu ukiuminya. Klipu zake ziwe zimekaza na zimekaa kwenye mfereji wake. Mpira huu uko baada ya filta, ukipasuka hata filta ghali kuliko zote haina kazi.

Kama unataka uhakika, kuna kipimo kizuri cha grisi. Paka utando mwembamba wa grisi ndani ya huo mpira, upande safi, alafu endesha kawaida siku kadhaa. Fungua uangalie. Grisi ikiwa bado safi, umefunga vizuri. Ikiwa na chembe chembe, kuna sehemu inavuja, na chembe zikiwa nyingi upande mmoja anzia kutafuta huko. Futa yote ukimaliza.

Maji

Karatasi ikilowa usiikaushe urudishe, inavimba, mikunjo inashikana. Badilisha. Sponji unaweza kuikamua, kuikausha na kuipaka oili upya. Wakati wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha usielekeze maji chini ya siti au kwenye mdomo wa boksi. Na kama pikipiki imezimika kwenye maji ya kina usibonyeze stata wala kupiga kiki, fungua boksi kwanza uone kama kuna maji, yakiwemo toa plagi kabla ya kuzungusha injini, maana maji hayagandamiziki, kinachokubali kupinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki.

Ukishafunga mpya

Andika kilomita kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kava la pembeni. Kama unatumia sponji nunua mbili, moja ikae imeshapakwa oili kwenye mfuko uliofungwa, unabadilishana, hautajikuta unafunga yenye unyevu kwasababu una haraka.

Na kama pikipiki ni ya kabureta, ulikuwa unatembea na filta imejaa muda mrefu, na katikati hapo kuna fundi alipunguza petroli ili moshi mweusi uishe, mwambie arudishe seti ya kitabu. Filta mpya inaleta hewa yake yote, kabureta iliyopunguzwa inaleta petroli pungufu, injini itachemka na plagi itakuwa nyeupe. Endesha kidogo, fungua plagi, rangi ya kahawia iliyopauka ndo unayoitafuta.